Maji ya Chupa Hupata Wapi Protini?

Huku Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, bado tunakutana na wajawazito wanaokatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Mwenzetu mmoja alituuliza: "Nikila yai, si litaingia kwenye maji ya chupa, mtoto alimeze?"

Ni kweli kwamba mtoto huyameza maji hayo. Mimba inapokaribia kutimia, humeza nusu lita au zaidi kwa siku, kisha huyarudisha kwa njia ya mkojo. (Msishtuke, mkojo huo ni safi.) Lakini yai halifiki huko likiwa yai. Tumbo la mama hulivunja vipande vidogo sana, vikaingia katika damu, na ini lake likavitumia kutengeneza protini zake mwenyewe.

Sehemu kubwa ya protini za maji ya chupa ni hizo za mama. Iliyo nyingi kuliko zote ni albumini, ambayo hupenya kidogo kidogo kutoka katika damu yake. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi nao huongeza zake, mojawapo ikiwa prolaktini, ambayo wengi tunaijua kwa kazi ya maziwa.

Mtoto naye ana mchango wake. Ini lake hutengeneza protini iitwayo alfafetoprotini, na kiasi kidogo hutoka na mkojo wake. Miezi ya mwisho mapafu yake huongeza nyingine, zitakazomsaidia kuvuta pumzi akizaliwa.

Hiyo ya ini la mtoto ndiyo iliyowafumbua macho madaktari. Mwaka 1972, huko Edinburgh, Uskoti, watafiti walieleza kwamba huzidi mno katika maji ya chupa pale uti wa mgongo au fuvu la mtoto lisipofunga, kwa kuwa huvuja kupitia uwazi huo. Uti hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu hata hatujajua kama tumeshika mimba. Kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki huanzwa kabla ya mimba. Tukingoja hadi siku ya kwanza ya kliniki, mara nyingi uti umekwisha kufunga, au umeshindwa.

Na lile yai? Mwenzetu alilila, na maharage juu yake.