Mizani Mikononi mwa Mnunuzi

Miongoni mwa itikadi zilizokita mizizi katika nchi yetu, na ambazo aghalabu husemwa na watu wenye nia njema, ipo hii: kwamba mabishano juu ya sheria ya usawa wa mtandao ni anasa ya mataifa yaliyoshiba, ya watu wagombeao kasi ya kutazama filamu majumbani mwao, na kwamba kwa maskini wa Afrika ya Mashariki, awe mchimbaji wa Segese au mvuvi wa Kilwa, kampuni ya simu impayo WhatsApp kwa bei ya chini, au Facebook bila ya malipo yoyote, imemtendea ihsani ambayo kuihoji ni utovu wa shukrani. Nimeisikia kutoka kwa walimu, madiwani, wafanyabiashara, na hata waandishi wenzangu. Naikataa, kwa sababu inamdhuru yule yule ambaye inadai kumhurumia.

Usawa wa mtandao ni kanuni ya kwamba mwenye kubeba data aibebe yote kwa masharti mamoja. Asiharakishe ya huyu na kuikawiza ya yule, asifungue mlango wa mmoja bure na kuutoza wa mwingine, wala asizuie ya yeyote kwa sababu tu ya nani aliyeituma au nini kilichomo. Chile iliandika kanuni hiyo katika sheria yake mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya mwaka 2015. India, nchi ambayo hapana awezaye kuiambia kwamba haiujui ufukara, ilizipiga marufuku kampuni za simu tarehe 8 Februari 2016 zisitoze bei mbalimbali kwa kufuata maudhui, na kwa amri hiyo mpango wa Facebook ulioitwa Free Basics, uliokuwa umetangazwa kwa matangazo makubwa kuwa ni rehema kwa wanavijiji, ukakoma huko. Marekani imeyumba: tume yake ya mawasiliano iliipitisha kanuni mwaka 2015, ikaifuta Desemba 2017, ikairejesha Aprili 2024, na mahakama ya rufani ikaitangua Januari 2025. Wapo wanaoshika kuyumba huko kuwa ni ithibati ya kwamba kanuni yenyewe ni batili. Walakini mahakama ile haikusema kuwa usawa ni mbaya. Ilisema kuwa tume haikupewa na sheria mamlaka ya kuuamuru. Na jimbo la California limebaki na sheria yake liliyoitunga mwaka 2018. Tofauti baina ya hoja hizo mbili ni kubwa, na msomaji mwadilifu hataichanganya.

Nasi jambo hili halitukuti kama wageni. Mwaka 2014, miezi michache baada ya Zambia, Tanzania ilikuwa katika nchi za mwanzo kabisa duniani kuletewa mpango huo wa Facebook, wakati ule ukiitwa Internet.org, kwa njia ya kampuni ya Tigo. Tuliupokea kwa makofi. Sikumbuki mjadala wowote mzito uliofanyika Bungeni juu yake, ilhali Wahindi, walipoletewa jambo lile lile, waliwaandikia wadhibiti wao barua pepe kwa mamia ya maelfu. Jina la mpango limekwisha kusahaulika hapa kwetu, bali roho yake inaishi katika vifurushi tunavyojiunga kila siku: bando la WhatsApp, kifurushi cha mitandao ya kijamii, cha saa, cha siku, cha usiku, na mtu mwenye fedha kidogo, kwa kuwa ndicho awezacho kukimudu, hununua chumba kimoja cha nyumba akidhani amenunua nyumba.

Twende Segese, katika Halmashauri ya Msalala, upande wa Kahama, si mbali na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Huko watu hushuka katika maduara kutafuta mawe ya dhahabu, mawe yakasagwa kwa karasha, na unga ukaoshwa mialoni. Na baina ya mchimbaji na bei ya haki ya jasho lake husimama dalali. Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini, Geita kwanza na Kahama baadaye, ili mchimbaji mdogo auze mbele ya mizani ya halali, kwa bei inayojulikana. Mwaka huo huo aliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Habari zote hizi ni za umma, na kila mchimbaji anayo haki ya kuzijua kabla hajafungua kitambaa chake mbele ya mnunuzi.

Sasa na tumfikiri mchimbaji ambaye simuni mwake mna bando la WhatsApp peke yake. Asubuhi anapokea katika kundi la wachimbaji ujumbe usemao kwamba bei ya dhahabu duniani imeporomoka, na kwamba kodi zilizofutwa zimerudishwa. Pengine ni kweli, pengine ni ghiliba ya mtu anayetaka kununua rahisi. Mwenzake mwenye busara anamtumia kiungo cha kurasa za Tume ahakikishe mwenyewe. Anakibonyeza. Hakifunguki, kwa sababu kifurushi chake hakifiki huko, na anaambiwa hana salio. Uvumi umemfikia kwa bei chee, na ukweli unaoweza kuukanusha umewekewa bei ambayo hanayo. Anauza kwa dalali, tena kwa bei ya dalali.

Hapo ndipo ilipo taksiri ya hoja ya ihsani. Wanaoitoa husema: heri kidogo kuliko kukosa kabisa. Lakini kidogo hicho hakikuchaguliwa na mchimbaji. Kimechaguliwa na kampuni mbili, ya simu na ya mtandao wa kijamii, zilizokaa mezani bila yeye, na zikachagua yale yenye kumfanya atazame matangazo na kusambaza alivyovipata kwa wengine, si yale yenye kumwezesha kuhakiki. Tena si mchimbaji peke yake. Matokeo ya mitihani ya Taifa hutangazwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani, na mwanafunzi ambaye simu ya nyumbani kwao ina kifurushi cha mitandao ya kijamii tu hana budi kumlipa mwenye duka la steshenari amfungulie aone alama alizozipata yeye mwenyewe. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vilivyowekwa mtandaoni vipo nje ya kifurushi hicho hicho. Na kama kampuni ingekuwa na nia ya kumsaidia maskini, hapana kiizuiacho kumpa MB chache za bure kila siku afungue apendacho: leo bei ya dhahabu, kesho dawa ya mtoto, keshokutwa soga na jamaa zake. Gharama ya kuzibeba ni ile ile. Kinachopungua ni amri ya kampuni juu ya macho yake.

Usukumani tuna kumbukumbu ya jambo la namna hii, na nashangaa kwamba imesahauliwa upesi kiasi hiki. Kabla ya Uhuru, mkulima wa pamba wa Mwanza na Shinyanga hakuwa na mahali pa kuuzia ila kwa mnunuzi aliyekuwa na kituo karibu naye, na mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyeisoma alikuwa mtu wa mnunuzi. Wapo waliosema wakati ule kwamba mkulima ashukuru, maana asingekuwapo mnunuzi pamba ingelimwozea ghalani. Wakulima hawakuikubali shukrani hiyo ya kulazimishwa. Waliweka watu wao wa kupima, wakaunda vyama, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika, vyama vyao vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililokuja kuhesabiwa katika mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Hawakudai kupewa pamba ya bure wala kulipwa zaidi ya haki. Walidai mizani isiwe mikononi mwa mtu mwenye maslahi katika kipimo. Mjukuu wa mkulima yule, aliyeacha pamba akaenda kuchimba dhahabu Segese, anaambiwa leo asidai lile ambalo babu yake alilidai akalipata.

Ipo sababu ya pili ya kuikataa itikadi hii, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Ili kampuni iweze kukuuzia bando la WhatsApp peke yake, lazima mitambo yake itambue kila fungu la data litokalo katika simu yako linakwenda wapi, ilipitishe moja na kulikataa jingine. Mtambo uwezao kutambua ili upendelee huweza vile vile kutambua ili uzuie. Hapana vyombo viwili. Katika siku za uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 Watanzania walikuta Twitter, WhatsApp na mitandao mingine haifunguki, na wengi wakakimbilia VPN, yaani programu inayoficha data iendako. Aliyekuwa na kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee hakuwa na njia hata hiyo, kwa kuwa data iliyofichwa haitambulikani, na isiyotambulikana haimo katika kifurushi. Maskini ndiye aliyefungiwa kwa kufuli mbili. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ikawataka watumiaji wa VPN wajiandikishe kabla ya mwisho wa mwezi. Mei 2025 mtandao wa X, yaani Twitter ya zamani, ukazuiwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kuzima kote ni dhuluma ya namna yake, walakini imeota katika shamba lile lile: desturi ya kukubali kwamba njia ya habari ni milki ya anayeibeba na anayemwamuru, si ya anayeitumia na kuilipia.

Uganda ilituonyesha mkondo wa pili wa balaa hii. Tarehe 1 Julai 2018 Serikali yake ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila mtu atakaye kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mfano wake. Mitandao iliyokuwa imetengwa kibiashara kuwa fungu la pekee ikawa rahisi kutengwa kikodi. Watu wakahamia VPN, mapato yakawa haba kuliko yaliyotarajiwa, na mwaka 2021 tozo ile ikaondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data yote. Kodi hiyo ni nzito, nami siitetei. Ila angalau haimwulizi mtu anasoma nini.

Kampuni husema kwamba zimejenga minara kwa fedha zao, hivyo ziachwe zipange bei zitakavyo. Si fedha zao peke yake. Minara mingi ya vijijini hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mwaka 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya ujenzi wa minara 758 kwa utaratibu huo. Penye ruzuku ya umma pana haki ya umma ya kutia sharti. Na tulipotaka kuingilia bei tuliweza: Aprili 2021, vifurushi vilipopandishwa bei na wananchi wakapiga kelele, bei mpya zilisitishwa kwa amri ya Serikali. Basi tusiambiwe kwamba mkono wa sheria haufiki kwenye vifurushi.

Yupo pia kijana wa Kahama au wa Geita anayetaka kuanzisha tovuti ya Kiswahili ya habari za wachimbaji, na sijui tumwambie nini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtu kama yeye alipe ada zilizofika shilingi milioni 2.1 ili aruhusiwe kuandika, ingawa viwango vilikuja kupunguzwa. Akishalipa, msomaji wake naye hana budi kununua bando kamili ili amfikie, na hali jitu la Marekani limeketi ndani ya kifurushi cha bei chee, bila ya kuomba kibali Kahama wala Dodoma. Tunalalamika usiku na mchana kwamba lugha yetu haina maandishi ya kutosha mtandaoni, kisha tunamtoza mwandishi wake mlangoni na kumtoza msomaji wake njiani.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ni ya mwaka 2010, wakati ambapo mikongo ya baharini ilikuwa ndiyo kwanza imefika Dar es Salaam na vifurushi vya namna hii hatujavizoea. Nawaomba wabunge, na kwanza wale wa Msalala, Kahama na Geita ambao wapiga kura wao hula hasara ya jambo hili kila wauzapo, wapeleke Bungeni marekebisho yenye mambo mawili: kwamba kampuni yoyote isitoze bei mbalimbali kwa data kwa kufuata tovuti au programu iendako, na kwamba huduma isizuiwe wala kukawizwa, na kampuni wala na Serikali, ila kwa amri ya mahakama iliyotolewa hadharani na kwa sababu zilizoandikwa. Ikiwa hilo litaonekana kubwa mno, waanze na la kwanza. Na ikiwa la kwanza nalo litaonekana kubwa, waamuru walau kila kifurushi, hata cha bei ndogo kuliko vyote, kifungue tovuti za Tume ya Madini, Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu, kisha warudi kwenye la kwanza katika kikao kifuatacho. Nawe msomaji, mbunge wako akija kuomba kura, mwulize yu upande gani wa neno hili, na usikubali ajibu kwamba ni mambo ya Wazungu.