Kazi ya Kwanza Hainunuliwi

Siku ya kutunukiwa shahada ni siku ya furaha kubwa katika kila jamaa. Mzazi aliyeuza maziwa na majani ya chai kwa miaka mingi ili alipe karo humwona mtoto wake amevaa joho, akapiga picha naye, kisha akarudi nyumbani akiamini ya kuwa taabu imekwisha. Lakini miezi ikipita, majirani huanza kuuliza, "Je, binti yako amepata kazi?" Swali hilo, ingawa huulizwa kwa wema, humchoma mzazi kama mwiba, na mara nyingi ndilo limtialo mikononi mwa wadanganyifu.

Karibu limpate hivyo mkulima mmoja wa upande wa Kisii. Binti yake alikuwa amehitimu shahada ya ualimu, akakaa nyumbani mwaka mzima akipeleka maombi bila ya kufanikiwa. Siku moja mtu asiyejulikana alimpigia mzee simu, akajifanya karani wa Tume ya Kuajiri Walimu. Alisema kwamba nafasi moja imebaki, na barua ya kazi itatoka mara tu shilingi 150,000 zitakapotumwa kwa simu kabla ya siku ya Ijumaa. Mzee yule alikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba. Akaanza kumtafuta mnunuzi.

"Baba, tafadhali usimwuze," binti alimwambia.

"Mwanangu, ngoja ngoja huumiza matumbo," mzee akajibu. "Wenzako wataingia, nawe utabaki hapa ukichuma chai."

Binti hakubishana na baba yake, bali alikwenda kumwita baba yake mdogo, aliyekuwa karani wa serikali kabla ya kustaafu. Yule karani alifika jioni, akanywa chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mimi nimekaa ofisini miaka thelathini. Nafasi ya halali hutangazwa mchana, watu wote wakasoma. Mtu akikuambia upesi, tena usimwambie mwingine, ujue anauza hewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ni kweli, lakini mwenda pole hajikwai."

Asubuhi yake baba na binti walikwenda hata ofisi ya mkurugenzi wa Tume katika kaunti yao. Huko waliambiwa ya kwamba hakuna nafasi ya namna ile, na ya kwamba Tume haimtozi mtu hata senti moja ili aajiriwe. Mzee alipojaribu kumpigia simu yule "karani", simu haikupatikana tena. Mtamba akabaki zizini.

Inafaa wazazi waelewe sababu ya mambo kugeuka, maana wengi huwapimia watoto wao kwa kipimo cha zamani. Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa mwaka 1967, wakati nchi ilipokuwa na upungufu mkubwa wa walimu. Kwa miaka mingi mwalimu aliyehitimu chuo hakuhangaika. Alipangiwa shule, akafunga sanduku lake, akaenda. Mpango huo ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwaka 1998 Serikali imekuwa ikiajiri kwa kadiri ya nafasi na fedha zilizopo. Tena, hata kufika mwaka 1984 vyuo vikuu vya umma vilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile kipya cha Moi tu, lakini leo vyuo vikuu ni makumi. Kwa hiyo waliohitimu ni wengi, na foleni ni ndefu. Kijana akikaa mwaka mmoja au miwili bila ya kazi, si dalili ya uvivu wala ya laana.

Hata hivyo, kungoja si kulala. Jambo la kwanza kwa mwalimu mpya ni kujiandikisha kwa Tume, kwa sababu sheria ya mwaka 2012 inakataza mtu asiyeandikishwa kufundisha. Pia atafute cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na namba ya kodi. Palipo na ada, huwa ni ndogo inayojulikana, nayo hulipwa kwa njia ya Serikali, si mkononi mwa mtu. Asiyekuwa nazo tayari, tangazo likitoka, humaliza siku za maombi akikimbia huku na huku.

Jambo la pili ni kutoidharau kazi ndogo. Bodi za shule nyingi huchukua walimu kwa malipo yao wenyewe, ingawa malipo hayo ni haba. Tangu mwaka 2020 Tume nayo imechukua walimu wanagenzi kwa posho, na mapema mwaka 2025 maelfu kwa maelfu yao, waliokuwa wakifundisha sekondari msingi, waliandikwa kazi ya kudumu. Yalikuwako manung'uniko mengi juu ya posho hiyo, wala hayakukosa haki; lakini aliyekuwa darasani alikuwa karibu na mlango kuliko aliyekaa barazani.

Jambo la tatu ni deni. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kijana asiye na kazi asijifiche. Na aiarifu Bodi hali yake, kwa kuwa deni lililonyamaziwa huongezeka faini.

Na kwa wale wanaotafuta kazi mahali pengine pasipokuwa shuleni, yafaa wajue ya kwamba sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Sasa mwajiri hana ruhusa ya kumdai kila mwombaji vyeti vya kuthibitisha kwamba hana deni wala kosa, ila yule tu anayekusudia kumwandika kazi. Kwa njia hii maskini hatumii fedha zake kwa kazi asiyoipata.

Yule binti wa Kisii sasa anafundisha hesabu katika shule ya kutwa, akilipwa na bodi. Kila mwezi huweka kidogo kwa ajili ya mkopo wake, na kila tangazo la Tume likitoka, hupeleka maombi siku ya kwanza. Hajaandikwa bado. Mara mbili ameitwa kuhojiwa akarudi mikono mitupu, na mara zote mbili baba yake alimngoja njiani asimwulize neno.

Mtamba amekwisha zaa, na maziwa yake ndiyo nauli ya mahojiano ya mara ya tatu. Mzee yule, majirani wakimwuliza habari za binti yake, siku hizi hajibu kwa haya. Husema, "Anafundisha, na anatafuta." Wazazi wengine na wajifunze jibu hilo, maana ni la kweli, nalo haligharimu ng'ombe.