Mwaka 1930 ni Wetu Pia: Majibu juu ya Mwenda Jean Bosco

Ukimwuliza mtu wa Mwadingusha, huku kwetu Katanga, mwaka 1930 ulileta nini, atanyosha mkono kuelekea mabomba makubwa yanayoteremka mlimani hadi kwenye santrali ya umeme. Hakosei. Mwaka huo ndipo maji ya Lufira yalipoanza kuzungusha mitambo penye maporomoko yaliyoitwa Cornet, na kituo chenyewe kikaitwa Francqui. Umeme wake ulipelekwa Likasi kusafisha shaba katika kiwanda cha Shituru. Mto ulipozibwa, ziwa la Tshangalele likatanda, na wavuvi wake wanatulisha samaki mpaka leo.

Ila mwaka uleule, katika tambarare za mto huohuo, huko Bunkeya, alizaliwa mtoto wa Kiyeke ambaye sauti ya vidole vyake ilikuja kufika mbali kuliko nyaya zote zilizotoka hapa. Ndiye mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, anayejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Nimekaa na vijana wetu, nimekaa na wageni, nimesikia mengi juu yake na juu ya muziki wa Katanga. Mengine ni kweli tupu. Haya ninayoyajibu hapa ni uongo, au ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoniuma.

La kwanza huletwa na wapenzi wa muziki wenye mazoea ya kukumbuka siku za kuzaliwa. Watakwambia 1930 ulikuwa mwaka wa Wamarekani: Ornette Coleman alizaliwa Texas tarehe 9 Machi, Sonny Rollins New York tarehe 7 Septemba, Ray Charles Georgia tarehe 23 Septemba. Afrika ya kati, wanasema, haikuwa na lake mwaka huo. Sina ugomvi na majina hayo. Ray Charles nimemsikiliza tangu utotoni na sitamwacha. Ninachokataa ni hesabu. Orodha za aina hiyo hupangwa kwa siku na mwezi, kwa hiyo mtu ambaye vitabu vinampa mwaka peke yake hakosi sifa, anakosa mstari wa kuandikiwa. Huku kwetu wazazi wengi wa wakati ule walihesabu watoto kwa matukio: huyu ni wa mwaka wa nzige, yule ni wa mwaka daraja lilipojengwa. Mtoto wa mwaka santrali ilipowashwa ana umri unaojulikana vizuri kabisa. Mwandikieni mstari wake.

Na mwaka huohuo ulikuwa na jambo jingine linalotuhusu, ingawa lilitokea mbali. Mwezi Mei 1930, mjini New York, okestra ya Don Azpiazú kutoka Havana ilirekodi “El Manisero”, utunzi wa Moisés Simons, na Antonio Machín akiimba. Santuri hiyo ilienea dunia nzima, na santuri za Kikuba za namna hiyo, zilizouzwa Afrika katika mfululizo wa G.V. tangu miaka ya 1930, ndizo zilizowapa vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na Brazzaville mfano wa kile walichokuja kukiita rumba. Nitalirudia hili, kwa sababu linatumiwa vibaya.

Dai la pili ndilo zito kuliko yote, nami nitakaa nalo. Wanasema Bosco aliumbwa na Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika. Kwa maneno mengine: kama yule Mwingereza asingepita Likasi na mashine yake, pasingekuwa na Bosco.

Tutenganishe mambo. Tracey alipita kweli. Mwaka 1952, Likasi ikiitwa Jadotville, alikuwa akizunguka Kongo na gari lake la kurekodia, akamkuta barabarani kijana wa miaka kama 22 na gitaa lake. Akamrekodi akipiga “Masanga” na nyimbo nyingine. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikazitoa kwenye santuri, na “Masanga” ikapata tuzo ya Osborn ya mwaka huo. Tracey alifanya kazi ya heshima: miaka miwili baadaye alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, na bila mkanda wake wajukuu wa Bosco wasingesikia alivyopiga akiwa kijana. Kwa hilo namshukuru bila kinyongo.

Lakini kuhifadhi na kuumba ni vitu viwili. Anayeleta debe kisimani hakuchimba kisima. Sikiliza “Masanga” yenyewe, uisikilize kwa vidole na si kwa masikio tu. Jirani yangu mmoja hapa Mwadingusha, papa aliyestaafu, hunionyesha jioni tukiwa tumekaa barazani. Anatumia vidole viwili, gumba na cha shahada, vingine vimetulia. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada kinaimba juu yake, lakini hakianzii pale gumba linapoanzia: kinaingia katikati ya hatua, kinahesabu tatu wakati gumba linahesabu mbili, kisha wanakutana, kisha wanaachana tena. Nimejaribu. Kila kidole peke yake nakiweza. Nikiviunganisha, gumba langu linasimama kumsubiri mwenziwe, na wimbo unakufa palepale. Papa husema, “Mwanangu, usiwatazame wote wawili. Mwache mmoja aende zake.”

Hicho si kitu cha kubuni asubuhi moja mbele ya kipaza sauti cha mgeni. Ni miaka ya kujifunza. Waliokaa na muziki huu kwa makini waliona hivyohivyo. David Rycroft aliandika nota za gitaa la Bosco katika jarida African Music mwaka 1961 na 1962, na kazi hiyo ilimbidi afuate kila sauti moja moja, kwa kuwa Bosco hakuwa akirudia kifungu kama kilivyo. Alikibadilisha kila alipokipitia. Kijana aliyekutwa barabarani alikuwa fundi aliyekamilika.

Hapo hupandikizwa dai dogo: kwamba gitaa lenyewe ni la Wazungu, basi na sifa ni yao. Gitaa lilitoka ng’ambo, ndiyo. Ila mwendo wa gumba na kidole kushonana namna ile, kila kimoja na njia yake, wazee wetu walikuwa nao kwenye kisanji, lile sanduku dogo lenye vijiti vya chuma, zamani sana kabla ya gitaa kushushwa kwenye treni. Mbao zilitoka kwao, mwendo ulitoka kwetu.

Wapo pia wanaomdhania Bosco mzururaji asiyesoma, kwa sababu tu alikutwa barabarani. Alikwenda shule na alifanya kazi ya ofisini. Barabara ilikuwa jukwaa lake baada ya kazi, kama ilivyokuwa kwa vijana wengi wa miji ya migodi.

Sasa turudi kwa rumba. Watu wengi, hata Wakongo wenzetu, husema muziki wa Katanga ni tawi dogo la rumba ya Kinshasa. Ramani inawakatalia. Reli kutoka kusini, kutoka Rasi ya Afrika Kusini kupitia Rhodesia, ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Katanga ilitazama kusini. Wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walitoka Rhodesia, Nyasaland, Kasai, Ruanda-Urundi, na kila mmoja alishuka na nyimbo zake. Kutoka Bulawayo zikaja santuri za George Sibanda. Hii ndiyo hewa aliyoivuta Bosco. Zaidi ya hayo, angalieni tarehe: “Masanga” ilirekodiwa 1952. Bendi ya rumba ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza 1953, na O.K. Jazz ya Franco 1956. Ndugu mdogo huwezi kumwita baba.

Nasema haya bila kuidharau rumba. Ilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, nilifurahi kama kila Mkongo. Lakini rumba ni muziki wa bendi: magitaa yanagawana kazi, moja linashika mdundo, jingine linaimba. Bosco alikuwa bendi nzima katika mikono miwili. Wanaosikia gitaa la Kikongo na kusema “rumba” wanafunga macho kwenye nusu ya nchi.

Kuhusu Kenya, nitajibu kwa kifupi, maana kosa lenyewe ni fupi. Kuna wanaosema mtindo huu ulizaliwa Nairobi ukaletwa Katanga. Sababu mojawapo ni jina. Édouard Masengo, binamu yake Bosco, aliyezaliwa 1933, alikuwa katika kundi la JECOKE, ambalo kirefu chake ni Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Kenya hiyo ni mtaa wa Lubumbashi. Uko pale hadi leo, na wakazi wake hawahitaji pasipoti kwenda nyumbani. Safari ilikuwa ya upande mwingine: Bosco na Masengo ndio waliokwenda Nairobi, wakarekodi, wakasikika redioni, na Masengo akakaa huko muda mrefu. Wapiga gitaa wa Kenya waliwasikia na kujifunza. Hata hivyo, sitaki kuwafanyia Wakenya kile tunachokataa kufanyiwa: omutibo, mtindo wa gitaa wa George Mukabi, una asili yake Magharibi ya Kenya na mwendo wake wenyewe, na atakayesema ni mwigo wa Katanga amekosa kama wale wengine.

Lipo dai moja ambalo nimelisikia kwa wasomi wa pwani na linanichoma zaidi kuliko yote, pengine kwa kuwa linanigusa kinywani. Wanasema nyimbo za Bosco ni nzuri, ila Kiswahili chake kimevunjika. Kwamba kusema “bantu” badala ya “watu”, na “muke” badala ya “mke”, ni kushindwa lugha.

Wayeke hawakukiokota Kiswahili mgodini. Msiri, aliyeanzisha himaya yao Bunkeya, alitoka kwa Wasumbwa na Wanyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na misafara ya pwani ilifika kwake kufuata shaba na pembe, na watumwa pia, jambo tusiloruhusiwa kulisahau. Msiri aliuawa Desemba 1891. Kwa hiyo lugha hii ilikuwa Katanga kabla Mbelgiji hajaweka reli ya kwanza. Ikakutana na Kisanga, Kiluba na Kibemba, ikaingia kwenye kambi za wafanyakazi, ikawa lugha ya kumbembelezea mtoto. Inayo kanuni zake. Mtoto wa Likasi anayekosea “ba” na “bi” hurekebishwa na mama yake saa hiyohiyo. Na tena, Bosco alipoimba Nairobi kwa Kiswahili hichohicho, walimwelewa na wakanunua santuri zake. Lugha iliyovunjika haivuki mipaka mitatu ikiwa nzima.

Dai la mwisho husemwa kwa huzuni, na wanaolisema huwa wanampenda: kwamba muziki huu ulizikwa naye. Bosco alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia, Septemba 1990, akiwa na miaka sitini hivi. Alikuwa ameshapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alirekodi tena huko Cape Town, mkono ukiwa bado wake. Ni kweli kwamba magitaa ya umeme yalichukua mabaa, na kijana anayetaka harusi zimlipe hatajifunza vidole viwili.

Lakini nendeni Likasi au Lubumbashi kwenye kilio au sherehe, mtaiona karindula: banjo kubwa la kujitengenezea, tumbo lake ni pipa au galoni lililofunikwa ngozi, nyuzi nne, na mpigaji ameketi juu yake au kandokando yake huku watu wakicheza mpaka vumbi linafunika miguu. Tazameni mkono wa kulia wa mpigaji. Lile gumba lisilopumzika lipo.

Mitambo ya hapa Mwadingusha ilitengenezwa upya miaka michache iliyopita. Sasa ipo sita, na kwa pamoja inatoa megawati 78. Kila mtu alijua, kila mtu alipiga picha. Mwezi uliopita alikuja kwa jirani yangu kijana mmoja mpigaji wa karindula, mwenye miaka kama kumi na tisa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu yake mfukoni, hakuitoa. Papa alipiga “Masanga” mara mbili, kwa gitaa lenye uzi mmoja ulioungwa. Kijana alikuwa akitazama gumba tu, midomo yake ikihesabu bila sauti.

“Papa,” akasema, “rudia pale linaposhuka.”

Papa akakaza uzi ule uliolegea, akarudia.