Pole Bila Ukweli Haitoshi: Tamko la Walezi wa Watu Wenye Kifafa

Sisi wazazi, walezi na ndugu wa watu wenye kifafa, tuliojiunga katika chama kimoja pamoja na wauguzi na matabibu wanaotuhudumia hapa Tanzania, tunatoa tamko hili leo, Jumatatu ya pili ya Februari, Siku ya Kifafa Duniani. Tunawaambia kwanza walezi wenzetu. Kisha tunawaambia majirani, walimu, viongozi wa dini, waganga wa tiba asili, wahudumu wa afya na watunga sheria, maana mengi yanayomzidishia mlezi uchungu yamo mikononi mwao.

Kila mwaka siku hii huzungumzwa dawa na unyanyapaa, na ni haki yazungumzwe. Lakini huzuni ya mlezi hupitwa kimya: ile inayoanza siku mtoto anapoanguka mara ya kwanza, na ile inayokuja mgonjwa anapofariki. Msimamo wetu ni kwamba huzuni hiyo haitulizwi kwa maneno ya faraja peke yake. Mlezi anayejua kifafa ni nini, kinaua vipi, na lipi lilikuwa ndani ya uwezo wake na lipi halikuwa, analia msiba mmoja. Asiyejua analia huku anajihukumu, au anamtafuta mchawi.

Kwa hiyo tuanze na ugonjwa wenyewe. Kifafa ni maradhi ya ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukifyatuka bila mpangilio mtu huanguka, hukakamaa, hutetemeka, au hukodoa macho tu kwa sekunde chache kama aliyepotelewa na mawazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na karibu wanane katika kila kumi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Sababu zake huku kwetu zinafahamika: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, kiharusi, mabuu ya tegu wa nguruwe yanayojikita ubongoni. Wengine hawana sababu inayoonekana hata baada ya vipimo. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu, kwa mkojo, wala kwa kuosha maiti. Hilo la mwisho tunalisema kwa makusudi. Aliyefariki na kifafa aoshwe, avikwe na azikwe kama marehemu mwingine yeyote, na mama yake asikatazwe kumkumbatia.

Wazazi wa watoto wachanga wasichanganye kifafa na degedege la homa. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anaweza kushtuka na kutetemeka homa inapopanda, na wengi wao hukua bila kupata kifafa. Hata hivyo mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu homa yenyewe inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

Sasa huzuni ile ya kwanza. Mtoto aliyekuwa wa tano darasani anaanza kusahau. Binti aliyekuwa anatumwa dukani hatumwi tena, hasogezwi karibu na jiko, hapelekwi kisimani. Mama anaacha biashara ya mboga asubuhi kwa sababu shule imempigia simu mara nyingi mno. Baba anakaa kimya, na kimya chake kinasomwa kama ukali. Walezi hawa wanamlilia mtoto aliye hai, na kwa msiba wa namna hiyo hakuna anayetandika mkeka wala anayeleta sukari. Hata wenyewe huona aibu kuuita msiba. Tunawaambia: ni msiba, na kuulilia si kumkufuru Mungu wala kumkataa mtoto. Unaweza kumpenda uliyejaliwa naye na bado ukakumbuka yule uliyemtarajia. Ukishalisema hilo kwa mtu anayesikiliza, utaona umepata nguvu ya kurudi kwenye kumlea.

Tunawakumbuka hasa ndugu zetu wa Mahenge, wilayani Ulanga. Huko ndiko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikoanza kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huko ndiko alikoona watoto wanaotikisa kichwa mfululizo kama wanaosinzia. Leo tunajua kuwa sehemu zenye usubi mwingi, ule mdudu mweusi anayezaliana kwenye mito ya maji ya kasi na kueneza vimelea vya upofu wa mto, zina kifafa kingi kuliko kwingine. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na watoto wawili au watatu wanaoanguka. Familia kama hiyo huambiwa ina laana. Haina. Inaishi karibu na mto. Dawa ya ivermectin inayogawiwa na wahudumu vijijini inywewe na kila anayeruhusiwa kuinywa, kila inapogawiwa. Mzazi mwenye watoto wawili wagonjwa asiulizwe alimkosea nani.

Kliniki hiyo ya Mahenge ilituachia pia somo gumu. Wagonjwa 164 walifuatiliwa kwa miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Miongoni mwa vilivyowaua ni kifafa kisichokoma, kuzama maji na kuungua moto. Mengi ya hayo huzuilika. Mtu mwenye kifafa asioge mtoni peke yake, asiteke maji kwenye kisima kisicho na ukingo, na jiko la mafiga liinuliwe au lizungushiwe ukuta mfupi wa udongo. Anapoanguka, usimshike kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni. Kijiko huvunja meno, hakizuii chochote. Ondoa vitu vya hatari, mwekee nguo laini chini ya kichwa, legeza kola au ushungi, na mtetemeko ukipungua mlaze ubavu. Tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, ni dharura, tafuta usafiri. Na kama ameangukia moto, mvute hapo hapo. Wapo watu wenye makovu leo kwa sababu waliosimama pembeni waliogopa povu.

Kuna kifo kingine, na hiki ndicho kilichotufanya tuandike. Mtu mwenye kifafa anaweza kufariki ghafla, mara nyingi usiku, kitandani, bila kuzama wala kuungua. Tafiti za nchi zilizo na kumbukumbu nzuri zinaonyesha kuwa katika kila watu wazima 1,000 wenye kifafa, karibu mmoja hufa hivyo kwa mwaka. Kwa watoto ni karibu mmoja katika 4,500. Hutokea zaidi kwa wale wanaoendelea kupata mshtuko mkubwa wa mwili mzima, na wengi hukutwa wamelala kifudifudi. Inaonekana kupumua na mapigo ya moyo hukatika baada ya mshtuko, ingawa wataalamu hawajamaliza kuelezana namna yake.

Wahudumu wengi hawatuambii jambo hili. Wanasema hawataki kututisha. Tunawaheshimu, lakini kwa hili tunapingana nao. Mlezi aliyeambiwa mapema anajua kwa nini kidonge cha jioni hakirukwi, kwa nini dawa haikatizwi kwa sababu mtoto amekaa miezi miwili bila kuanguka, kwa nini ni vizuri mtu mwingine alale chumba kile. Mlezi ambaye hakuambiwa analipata jambo hili kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba, alfajiri. Ni haki ya familia kuelezwa, kwa upole na kwa lugha inayoeleweka, mara tu ugonjwa unapothibitishwa. Tunaiomba Wizara ya Afya iliweke jambo hili katika mafunzo na miongozo ya watoa huduma.

Na wewe uliyekwisha kufiwa, usichukue tuliyoyasema hapo juu ukayafanya mashtaka. Tunajua unavyohesabu: ningeamka, ningemgeuza, nisingemruhusu kwenda kwa shangazi yake wiki ile. Wapo walezi waliolala kitanda kimoja na mgonjwa na wakampoteza. Wapo waliotoa kila kidonge kwa saa yake na wakampoteza. Uangalizi hupunguza hatari, hauifuti. Nenda kwa daktari aliyemtibu, uulize maswali yako yote, hata yale unayoogopa jibu lake, na umwombe mtu mnayeelewana akusindikize. Wengi wetu tulipata usingizi wa kwanza baada ya mazungumzo hayo.

Waombolezaji wenzetu, tunawasihi kuhusu maneno. Sentensi inayosemwa sana kwenye misiba yetu ni hii: "Sasa umepumzika." Inasemwa kwa nia njema. Kwa mama aliyeamka usiku kwa miaka kumi na miwili kumgeuza mwanawe, maana yake ni kwamba mtoto alikuwa mzigo na kifo kimemfaa mama. Usiseme hivyo. Usiseme "afadhali" ya aina yoyote. Mtaje marehemu kwa jina lake, sema alichokuwa anakipenda, uliza alikuwa mtu wa namna gani. Watu wenye kifafa hukumbukwa kwa kuanguka kwao; mlezi ana njaa ya kusikia yaliyobaki.

Tuliyojifunza baada ya matanga ni kwamba mlezi hufiwa na kazi pia. Alikuwa na ratiba: dawa, chakula, dawa, kliniki, usiku wa masikio wazi. Mwanachama wetu mmoja aliweka simu imkumbushe dawa ya mwanawe saa mbili usiku. Wageni walipoondoka, simu iliendelea kulia kila siku, naye hakuweza kuizima wala kuvumilia kuisikia. Dada yake ndiye aliyekaa naye jioni moja wakaizima pamoja. Msaada wa kweli ndio huo: mtu anayekuja baada ya arobaini, saa ileile ngumu, na kufanya jambo moja dogo. Vidonge vilivyobaki virudishwe kituoni. Msimpe jirani mwenye mtoto mgonjwa hata kama dawa zimeadimika, kwa sababu kipimo hupangwa kwa kila mgonjwa, na dawa isiyo yake inaweza kumdhuru.

Ndugu wa marehemu walio wadogo waelezwe waziwazi. Mtoto aliyemwona kaka yake akianguka hujiuliza kama yeye ndiye anayefuata, na hataki kumuongezea mama mawazo, kwa hiyo hasemi. Mwambieni kwamba kukaa na kaka yake hakukumwambukiza. Akina baba wapewe nafasi ya kulia. "Jikaze, wewe ni mwanamume" imewapeleka wengi kwenye pombe. Na mlezi yeyote ambaye wiki zinapita hali, halali, hawezi kufanya lolote, au anasema heri naye angekufa, apelekwe hospitali. Hilo ni jambo la matibabu, na hana sababu ya kuona haya. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye ahusishwe, hasa pale mlezi anapobaki bila kipato.

Kwa viongozi wa dini na waganga wa tiba asili: ombeeni, farijini, lakini msimwambie mtu aache vidonge. Fenobabitoni, ambayo ndiyo dawa ya bei nafuu inayotumika sana vijijini, ikikatishwa ghafla inaweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho kinaweza kuua ndani ya saa chache. Mgonjwa akipata dawa sahihi bila kukatizwa, Shirika la Afya Duniani linasema hadi saba katika kila kumi wanaweza kuishi bila kuanguka. Kwa hiyo kila kituo kinachomrudisha mama na jibu la "dawa hazijaja" kinagusa uhai. Mwaka 2022 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mpango wa kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu unaokwenda hadi mwaka 2031. Tunataka halmashauri zetu zianze na hatua ndogo kabisa ya mpango huo: dawa za kifafa zisikosekane kituoni.

Kwa watunga sheria tuna ombi moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, iliweka kifafa cha mara kwa mara pamoja na wazimu miongoni mwa sababu za kuibatilisha ndoa. Kijana wetu anayemeza dawa, anayefanya kazi na kulea, hastahili kuandikwa hivyo katika sheria ya nchi yake. Maneno hayo yaondolewe.

Upande wetu, kuanzia leo chama hakitamfuta mlezi kwenye daftari kwa sababu mgonjwa wake amefariki. Mpaka sasa wengi waliofiwa waliacha kuja mikutanoni wakidhani hawana tena sababu ya kuwamo. Kila tawi litateua wanachama wawili waliowahi kufiwa, watakaomtembelea mlezi mwenzao ndani ya wiki ya msiba, tena baada ya arobaini, tena mwaka unapotimia. Atakayetaka kuja mkutanoni kukaa tu bila kusema lolote, aje.