Nyamapori Iliwe Mchana

Katika vijiji vinavyopakana na mbuga zetu, toka Serengeti kaskazini hadi Selous kusini, ipo nyama ambayo jina lake halitajwi kwa sauti. Huletwa usiku, hukatwa usiku, hupikwa usiku, na mifupa yake hufukiwa kabla ya jua kuchomoza. Mgeni akiuliza ni mboga gani, huambiwa ni mbuzi. Kumbe ni nyumbu, au swala, au ngiri.

Swali la kujiuliza si kama wananchi wanakula nyamapori. Wanakula, na babu zao walikula kabla ya mbuga yo yote kuchorwa katika ramani. Swali ni hili: wale kwa kificho, au wale kwa sheria? Maoni yetu ni kwamba kificho kinamdhuru mnyama, kinamdhuru mlaji, na kinaidhuru heshima ya sheria yenyewe.

Kwanza tuondoe kasumba. Wapo wasomi wa mijini wanaosonya wakisikia kwamba wenzao wa kusini hula ndezi, au kwamba Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hula nyani. Nyama hizo huziita za ajabu. Lakini wasomi hao hao wakipelekwa hotelini Ulaya na kuletewa konokono kwenye sahani, hula huku wakitabasamu, na wakirudi nyumbani hujisifu. Ajabu ya chakula haimo katika chakula. Imo katika mazoea ya mtu, na mara nyingine imo katika kumdharau anayekila. Mtu ana haki ya kukataa nyama kwa sababu ya dini yake au mwiko wa ukoo wake. Hana haki ya kumwona mlaji kuwa mshenzi.

Zaidi ya hayo, upishi wa nyamapori ni elimu. Nyama hiyo haina mafuta mengi kama ya ng'ombe, kwa hiyo moto mkali huifanya iwe ngumu kama ukanda. Mpishi anayeijua hufunga minofu ya nyati katika majani ya mpapai ili ilainike, kisha huichemsha kwa moto wa taratibu kwa muda mrefu. Nungunungu humwagiwa maji ya moto ndipo miiba ing'olewe. Ndezi hubabuliwa manyoya, hukaushwa kwa moshi, akaungwa kwa karanga. Nyama ya nyumbu hukatwa vipande virefu, hutiwa chumvi na kuanikwa ikawa kimoro, akiba ya miezi ya njaa. Ngiri na nguruwe pori sharti waive hadi ndani, kwani huweza kuwa na minyoo imdhuruyo binadamu. Elimu hiyo ilipokezanwa na akina mama jikoni, mchana, watoto wakitazama. Leo mama anayepika kwa hofu hana nafasi ya kumfundisha mtu.

Hofu hiyo ilianzaje? Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa kanuni za uwindaji zilizodai leseni na kutenga maeneo ya kwanza ya hifadhi. Waingereza walipochukua nchi, waliendelea na njia ile ile kwa sheria zao za 1921 na 1940. Matokeo yake yalikuwa mamoja. Mzungu mwenye bunduki na leseni aliyetafuta pembe za kutundika ukutani aliitwa mwindaji. Mwafrika mwenye upinde au mtego aliyetafuta kitoweo aliitwa jangili. Mnyama alikuwa yule yule. Tofauti ilikuwa ya mtu na fedha zake.

Hatusemi kwamba hifadhi ni jambo la kikoloni na litupwe. La hasha! Mwalimu Nyerere, katika Azimio la Arusha la Septemba 1961 juu ya wanyamapori, alikwisha kuuambia ulimwengu kwamba tumepokea dhamana ya kuwatunza. Taifa huru likatunga sheria yake mwaka 1974, na nyingine mwaka 2009. Bila sheria hizo, leo tungekuwa tunawaonyesha watoto wetu picha tu za faru. Lakini sheria hiyo hiyo huihesabu nyama kuwa nyara ya Serikali, na mahakama zimewahi kuwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya nyumbu bila kibali. Miaka 20! Mkulima aingie gerezani mwanawe akiwa mchanga, atoke mwanawe akiwa baba wa watoto. Tumwadhibu vikali mfanyabiashara wa ujangili mwenye malori na mtandao. Je, mtu wa sufuria moja ndiye mwenzake?

Kificho kina hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya maradhi. Nyama isiyoonwa na bwana mifugo ni bahati nasibu. Februari 1996, katika kijiji cha Mayibout nchini Gabon, watu walimchuna na kumla sokwe aliyekutwa amekufa msituni. Ugonjwa wa Ebola ukawapata watu zaidi ya 30, na 21 kati yao wakafa. Karibu na kwetu, mwaka 2023, katika wilaya ya Sinazongwe nchini Zambia, watu walipatwa na vidonda vya kimeta usoni na mikononi baada ya kula nyama ya nyati watatu waliokutwa wamekufa. Vijidudu vya kimeta hujifunika gamba gumu linalostahimili moto wa jikoni, tena humwingia mtu tangu anapochuna. Ndiyo maana wazee walikataza nyamafu. Lakini anayenunua gizani atajuaje kama mnyama aliuawa akiwa mzima, au aliokotwa?

Kwa hiyo Serikali ilifanya jambo la maana mwaka 2020 ilipotoa kanuni za uuzaji wa nyamapori, na mabucha yenye leseni yakaanza kufunguliwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Mtanzania aliweza kuingia dukani mchana, akanunua nyama ya pofu au nyati, akapewa stakabadhi. Tunaipongeza hatua hiyo. Lakini bucha hufuata fedha, na fedha ziko mijini. Mwenye gari mjini atakula nyati kwa anasa, hali yule ambaye mahindi yake huliwa na tembo, na ambaye hulala shambani akipiga debe, ataendelea kufukia mifupa usiku. Huko si kugawana. Ni kumpa mlinzi wa ghala harufu ya chakula tu.

Ziko juhudi zilizotangulia ambazo tunaweza kujifunza kwazo. Kuanzia mwaka 1988, vijiji jirani na Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, vilipewa mgao wa nyama chini ya mpango wa hifadhi. Mwaka 1993 mpango mwingine ulianza kando ya Serengeti wa kuvuna wanyama na kuwauzia wanavijiji kwa bei nafuu. Mpango huo ulielemewa na gharama: gari, mafuta na posho vilikula zaidi ya walivyokula wanakijiji.

Hata hivyo, katika vitalu vya uwindaji wa kitalii gharama hizo zimekwisha kulipwa. Mgeni anayelipa maelfu ya dola kumwinda nyati hutaka pembe na picha. Nyati dume ni mnyama wa zaidi ya kilo 500, na nyama yake nyingi mgeni huyo hana haja nayo. Gari lipo, askari yupo, mnyama amekwisha kufa kwa leseni. Basi iwe ni sharti la kitalu, lililoandikwa na kukaguliwa, kwamba nyama hiyo ifikishwe siku hiyo hiyo katika kijiji kilicho jirani, ipimwe, ikaguliwe, na igawiwe mbele ya mkutano wa kijiji kwa orodha inayobandikwa ukutani. Hakuna mnyama hata mmoja atakayeongezeka kufa kwa ajili hiyo.

Wapo watakaosema kwamba nyama halali itakuwa pazia la nyama haramu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Jibu lake ni muhuri, stakabadhi, na macho ya wanakijiji wenyewe, ambao watakuwa na jambo la kulinda. Wala mlango usifunguliwe kwa kila mnyama. Tembo, faru, twiga na sokwe wabaki nje ya sufuria daima. Tena muuzaji aseme kweli ni nyama gani na mnyama alikufaje, ili Mwislamu na Mkristo, na kila mwenye mwiko wake, achague kwa dhamiri safi.

Mtu humlinda ng'ombe kwa sababu anajua atakunywa maziwa yake. Mwanakijiji aliyekula sehemu yake mchana, mbele ya jirani na mtendaji wake, ndiye atakayemripoti mwenye nyaya za mitego. Aliyeachiwa usiku tu ataendelea kunyamaza. Wizara na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori hazihitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza: mgao wa kwanza unaweza kupimwa msimu ujao wa uwindaji, kitalu kwa kitalu, kijiji kwa kijiji.