Msanii Si Bango la Wizara

Ukitaka kuona densi katika hospitali ya umma hapa Kenya, ngoja Desemba mosi. Hema litasimamishwa, viti vyeupe vya plastiki vitapangwa, mgeni wa heshima atachelewa saa mbili, na vijana waliovalishwa fulana za mfadhili wataigiza yule baba mlevi aliyekataa kupimwa. Mwishowe baba anapimwa, anameza dawa, watu wote wanacheza. Picha zinapigwa. Wasee wanapewa soda, nauli na ahadi ya kuitwa tena siku ya malaria. Kesho yake hema limeng'olewa, na mama wa kisukari aliyekuwa akichungulia kupitia dirisha la wodi bado yuko palepale.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tangu miaka ya 90, wakati wa vikaragosi vya UKIMWI, hadi michezo ya kuosha mikono inayopelekwa kwenye tamasha la drama la shule, nchi hii imemtumia msanii wa afya kama kipaza sauti. Anapewa ujumbe asubuhi, anautema mchana. Sisemi kazi hiyo ilikuwa bure. Kuna watu walipimwa kwa sababu ya mchezo uliochezwa sokoni. Lakini ujumbe ni wa mtu ambaye hajaugua. Ukishaugua, ukishapewa kadi na tarehe ya kurudi, sanaa inakupa kwaheri. Na ni hapo ndipo ugonjwa sugu unaanza kazi yake: mwili unakuwa kitu cha kupimwa, kudungwa na kukatazwa.

Sasa hebu tuangalie kliniki ya kisukari. Daktari ana dakika tano na wewe. Katika hizo tano, nusu dakika ni ya kusema, "Mama, ufanye mazoezi." Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sawa. Lakini huyo mama alifika saa kumi na mbili asubuhi, akapata namba, akakaa kwenye benchi mpaka saa tano. Yaani tunamwita mtu hospitalini tumwambie asikae sana, halafu tunamkalisha nusu siku. Akirudi Kayole, akimbie wapi? Kando ya barabara kuna mtaro na bodaboda. Mwanamke wa miaka sitini akitoka mbio na leso kiunoni, mtaa mzima utauliza kaibiwa nini. Lakini akicheza? Hakuna Mkenya anayemuuliza mama anayecheza kwa nini anacheza.

Kuna mahali walilifikiria jambo hili mapema. Mwaka 2001 huko Brooklyn, kundi la densi la Mark Morris lilifungua darasa kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, wakishirikiana na kikundi cha wagonjwa wenyewe. Walimu walikuwa wachezaji densi wa kazi hiyo, na waliowajia waliwachukulia kama wanafunzi wa densi. Sasa mtindo huo umeenea nchi nyingi. Parkinson, kwa ufupi, hula seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, na bila dopamini ya kutosha mwili unashindwa kuanzisha mwendo wenyewe. Mtu anafika mlangoni miguu inaganda, kama imemiminiwa saruji. Lakini mdundo ukitoka nje, ukamfikia kupitia sikio, mara nyingi mguu huondoka. Ubongo unapata njia ya kando, kama matatu inayokwepa jam ya Jogoo Road.

Na hapa ndipo mimi hupandwa na hasira. Sisi tuna mugithi! Neno lenyewe ni treni. Watu wanashikana viuno, wanafuatana kwa mstari, hatua fupi, zamu kwa zamu, mdundo haubadiliki, na aliye mbele yako ndiye anayekuonyesha pa kukanyaga. Ukitaka mazoezi ya kutembea kwa mtu ambaye miguu inamganda, huhitaji kuagiza kitu Brooklyn. Unahitaji gitaa, ukumbi na mtu anayejua kupunguza kasi. Ila huku kwetu mzee anayetetemeka bado anaitwa mlevi, au mtu aliyerogwa, na watoto wake wanamficha chumbani wageni wakija.

Mwaka 2019, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, zikiwemo za densi kwa wagonjwa wa Parkinson. Wataalamu wetu waliinukuu kama habari mpya kutoka ng'ambo. Habari mpya gani? Neno ngoma ni nini? Ni chombo, ni mchezo, na kutoka hapa hadi kusini mwa bara ni jina la tiba. John Janzen aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1992. Wakamba wana kilumi. Wataita wana mwazindika. Pwani kuna ngoma za pepo. Wamisionari walizipiga vita, na wajukuu wa waliobatizwa bado wanaziona aibu. Malawi hawakuona aibu: Vimbuza, ngoma ya uponyaji ya Watumbuka ambayo wagonjwa wake wengi ni wanawake, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Sidai kwamba pepo ndiye anayeleta sukari. Nadai kwamba waliokuwa wakifanya mambo haya walijua mgonjwa wa muda mrefu haachwi peke yake na ugonjwa wake. Anazungukwa, anapigiwa, anaitwa kwa jina. Wanawake wa lelemama kule Mombasa walikuwa wakicheza na kusaidiana kwenye harusi na matanga kupitia vyama vilevile. Densi na chama vilikuwa kitu kimoja.

Najua jibu litakalokuja: hospitali haina glavu, wewe unataka ngoma. Ni jibu zito, na mara nyingi ni kweli. Lakini sijaomba pesa za glavu. Ule muda wa benchi tayari umelipwa na mgonjwa, kwa nauli yake na siku yake ya kazi. Dakika arobaini za rhumba ya pole pole, wengine wakicheza wakiwa wamekaa kwenye viti, hazimnyimi mtu insulini yake. Na asitokee nabii wa kuambia watu watupe dawa kwa sababu wamecheza; huyo afukuzwe langoni. Densi haiponyi kisukari. Haiponyi selimundu pia, na huko inataka akili zaidi, kwa sababu kuchoka kupita kiasi, baridi au ukosefu wa maji vinaweza kumwamshia kijana maumivu ya kumlaza wiki nzima. Ndiyo maana hii si kazi ya kupewa yeyote aliye na spika na muda. Inataka mchezaji aliyefunzwa na muuguzi aliye karibu.

Na mchezaji huyo alipwe. Sarakasi Trust hapa Nairobi imewahi kupeleka muziki na densi kwa wagonjwa hospitalini, kwa hivyo asiniambie mtu haiwezekani. Shida ni kwamba kazi ya aina hiyo inaachiwa mashirika na wafadhili, na mfadhili akiondoka, ngoma inazima. Mwaka 2024 tuliletewa SHA, ikaja na mfuko wenye maneno magonjwa sugu kwenye jina lake. Fungua orodha ya huduma utafute densi. Nitakungoja.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti huduma za afya. Jedwali hilohilo linazipa kaunti shughuli za utamaduni. Ni gavana yuleyule. Waziri wake wa afya na wa utamaduni hukaa meza moja ya baraza, mmoja akilia kliniki imejaa, mwingine akiwa na kumbi za kijamii Eastlands ambazo siku za kazi hufunguliwa kwa ajili ya mikutano na matanga. Kikao kijacho cha maoni ya umma kuhusu bajeti kikiitishwa mtaani kwenu, usiende kuuliza barabara peke yake. Uliza kwa nini Jumanne, siku ya kliniki ya sukari, ukumbi ulio karibu umefungwa kwa kufuli.