Mahame ya Namasagali Hayajawa Magofu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: hame na gofu. Hame ni mahali palipohamwa. Watu wameondoka, lakini kuta zingali zimesimama na paa lingalipo. Gofu ni jengo lililokwisha kubomoka, likabaki mifupa yake tu. Nakuomba, ndugu msomaji, uzishike vizuri maana hizo mbili, kwa kuwa hoja yangu ya leo imekaa katikati yake. Hame laweza kurudishiwa watu. Gofu hupigwa picha tu.

Ukitoka Jinja kwenda kaskazini, ukapita mji wa Kamuli kisha ukaelekea ukingo wa Mto Nili, utafika Namasagali. Leo ni kijiji cha wakulima na wavuvi, lakini mwaka 1912 hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa Reli ya Busoga, iliyojengwa kutoka Jinja kwa umbali wa kilomita zipatazo 100 ili kuyakwepa maporomoko ya mto. Kuanzia Namasagali maji yalipitika. Meli za mvuke zilishuka hadi Ziwa Kyoga na Bandari ya Masindi, zikarudi na robota za pamba kutoka Teso na Lango. Pamba ikapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, ikavushwa Ziwa Viktoria hadi Kisumu, ikashika reli tena hadi Mombasa. Msafiri mwenye subira aliweza kuelekea upande wa pili: kutoka Bandari ya Masindi kwa barabara hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert, na kutoka huko kwa meli nyingine hadi karibu na Sudan.

Mambo mawili yaliiua bandari hiyo. Reli ilipofika Soroti mwaka 1929, pamba ya Teso ilipata njia iliyo fupi zaidi. Kisha zikaja mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962. Maziwa yakafurika, na huduma za meli zikafungwa. Reli yenyewe ikang’olewa baadaye.

Ungetarajia kwamba majengo yote ya reli yaliporomoka mara moja, lakini haikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1960 shule ya sekondari ilihamia humo. Nyumba na maghala ya reli yakapewa kazi mpya, na shule hiyo ikapata jina nchini kote, hasa kwa ngoma na maigizo yake. Majengo yaliyotumika yaliishi. Yale yasiyopata mtu wa kuyatumia yalianza kuliwa na mvua, na gati likabaki kuota kutu majini.

Linganisha na Butiaba. Bandari hiyo ilikumbwa na mafuriko yale yale, lakini haikupata mrithi. Meli yake mashuhuri, Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilizama katika miaka ya 1960, ikakaa ufukweni miongo kadhaa kama nyangumi aliyekufa. Mwishowe ikatoweka, ikawa vyuma chakavu. Mwanafunzi wa leo anayetaka kuiona atatazama picha.

Jengo haliuawi na umri. Linauawa na bati moja lililolegea. Maji hupenya hapo, boriti huloa, mchwa hupanda. Baada ya misimu michache dari huanguka. Jirani akiona hivyo husema, “Kwa nini mlango huu uoze bure?” Akauchukua. Wa pili akachukua madirisha, wa tatu matofali. Simlaumu sana jirani huyo. Kosa kubwa zaidi ni la yule mwenye jengo aliyeshindwa kupandisha fundi mmoja na misumari mwaka ule wa kwanza. Na mara nyingi mwenye jengo hajulikani. Reli za nchi zetu tatu zilikuwa chini ya shirika moja hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Mali ikagawanywa kwa mataifa, kisha mashirika ya mataifa yakabadilishwa tena na tena. Katika kugawana huko, nani angekumbuka ghala la kijijini?

Najua utakaloniambia, kwa sababu wanafunzi wangu huniambia kila mwaka: hayo ni majengo ya mkoloni, acha yaanguke. Ni hoja yenye uzito, wala siipuuzi. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya mkulima wa Busoga. Lakini jiulize nani aliyebeba mataruma, nani aliyepalilia pamba, na fedha za kodi ya kichwa zilitoka mfukoni mwa nani. Ghala lile ni ushahidi wa jasho la babu zako, na ushahidi ukishabomolewa, atakayesimulia habari ni yule aliyeweka daftari la hesabu kule London. Tena, kwa upande wa lugha tunayojifunza hapa, reli ni mojawapo ya njia zilizokileta Kiswahili huku bara. Katika stesheni, makabila yalihitaji neno moja la “pakia” na moja la “shusha”.

Sheria inasemaje? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inawataka dola na raia kwa pamoja watunze mali ya umma na urithi wa nchi. Zingatia neno “raia”. Sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 1967 ilidumu zaidi ya nusu karne kabla ya kutungwa mpya mwaka 2023. Hata hivyo, kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu hakutoshi. Kibao hakizibi paa. Mimi ningependa baraza la kaunti ndogo likodishiwe mahame haya kwa bei nafuu, kwa sharti moja: yatumike. Zahanati, maktaba, ghala la ushirika, karakana ya ufundi. Lolote litakalomfanya mtu fulani apande juu ya paa mvua inapovuja.

Basi anza na swali la umiliki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inakupa haki ya kuiuliza ofisi ya umma kwa maandishi: jengo hili ni la nani, na lina mpango gani? Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, ukimya huo huhesabiwa kuwa ni kukunyima, nawe waweza kupeleka malalamiko kwa hakimu mkuu wa eneo. Taja kijiji, eleza jengo lilipo, weka tarehe, na ubaki na nakala.